Kondo Anataka Kujua

Kondo ana miaka kumi na mmoja na swali moja.
Amelibeba toka Jumamosi, toka pale shuleni Tandika
nilipoitoa sarafu ya mia mbili sikioni mwa mwalimu mkuu
na watoto tisini na wawili wakapiga kelele
mpaka kuku wa mpishi wakaruka ukuta.
Leo amenifuata hadi kibandani
ninapochaji simu za watu kwa mia tatu.
Amesimama. Amekataa kukaa.
"Nionyeshe," anasema. "Sitamwambia mtu."

Kila mtu husema hatamwambia mtu.
Chande alisema hivyohivyo.

Chande nilimfundisha yote kwa mwezi mmoja,
kwa kuwa alikuwa na vidole virefu
na mimi nilikuwa na kiu ya kuitwa Profesa.
Nilimpa karata, nilimpa vikombe na gololi,
nilimpa hata kile kikohozi kidogo
kinachomfanya mtu atazame mdomo, asitazame mkono.
Akaenda Kariakoo na kibao chake na karata tatu.
Mama mmoja wa Mbagala aliacha pale ada ya mwanawe.
Nami nilipopita mtaa ule nikasikia kikohozi,
kikohozi changu,
katikati ya watu, kikifanya kazi.

Tangu hapo nikafunga mdomo kama duka siku ya Idi.
Siri ni mtaji, niliwaambia wenzangu,
na mtaji haugawiwi.
Tukakubaliana. Tukanywea chai ya tangawizi.

Lakini shangazi Siwema aliumwa tumbo.
Akaenda Buza kwa mtu mwenye kitambaa chekundu.
Mtu yule akamkanda, akakoroma, akamtoa sindano tatu za kushonea
kwenye ngozi isiyo na hata tundu.
Laki tatu na nusu, na mbuzi.
Shangazi akaja kunionyesha, amezifunga kwenye pamba.
Nilijua zilikokaa.
Zilikaa hapa, kwenye nyama ya gumba,
nyumba ileile ya sarafu yangu.
Nilijua, na yeye hakujua, kwa sababu mimi,
mtoto wa kaka yake, mlaji wa ubwabwa wake,
sikuwahi kumfumbulia kiganja.
Muhimbili walisema amechelewa.

Basi nimwambie nini Kondo?
Nikisema, namuua yule mtoto aliyepiga kelele Jumamosi,
harudi tena, hata nimpigie magoti.
Nikinyamaza, nawalelea watu wa Buza mteja.

"Kaa," nikamwambia. Akakaa juu ya ndoo.
Nikafumbua mkono. Sarafu imelala pale, haina aibu.
Akaitazama muda mrefu.
"Hiyo tu?"
Nami nilisema hivyo mwaka wangu,
nyuma ya turubai, viwanja vya Mwembe Yanga,
nikalia kidogo, nikasingizia vumbi.
"Hiyo tu. Sasa ibane. Usikunje kidole.
Ikianguka, okota. Ikianguka mara mia, okota mara mia.
Na siku utakayomlia mtu hela yake kwa mkono huu
nitaazima kipaza sauti cha muuza dawa ya mende
niutangazie mtaa mzima inakokaa."
Akacheka. Mimi sikucheka.

Kikohozi sikumpa.
Hicho nimekiweka. Kama ni busara au uchoyo,
msiniulize leo.

Mpaka magharibi sarafu ilidondoka sakafuni,
ngli, ngli,
wateja wakaja, wakalalamika umeme, wakaondoka.
Kisha kimya.
Nikageuka. Kondo amenyoosha mikono yote miwili,
mitupu, anaitazama kama si yake,
na mdomo umemwachama
vilevile kama Jumamosi.

Mia mbili yangu mpaka sasa sijaiona.