Shoto

Saskatoon, Desemba, digrii thelathini chini ya sifuri.
Hewa imekauka kama mkate wa juzi.
Nimegusa kitasa cha ukumbi, kikaniuma:
cheche moja ya buluu, tah!
Maswali yameniamkia kabla sijayafungua.

Viatu vya theluji tumevipanga ukutani, vinavuja.
Tuko mia mbili, kila mtu na meza yake,
mita moja na nusu baina ya meza na meza,
kama chaji za aina moja zilizoachwa zisukumane
mpaka zitulie.

Swali la nne. Elektroni inaelekea mashariki.
Uga wa sumaku unazama ndani ya karatasi.
Onyesha kani.

Ghafla ukumbi mzima unacheza ngoma isiyo na mlio:
vidole mbele, viganja vinakunjwa, madole gumba hewani.
Orrin, mbele yangu, kalamu iko kulia,
kwa kusahau anainua kushoto, anapata;
kisha anaikumbuka ile hasi,
anafuta, anageuza, anaharibu.
(Aliniambia baadaye, kwenye foleni ya chai.)

Mimi nina shoto.
Shangazi Mwanapili hakuitaka.
Mkono huo ni mwiko, alisema, na mwiko ukashuka,
pau! wali ukaruka nje ya sinia.
Kulia ndiko kwa kulia chakula, jina lenyewe lakwambia.
Basi nikajifunza kulia, kwa kulia.
Kalamu tu ndiyo iliyokataa kuhama.

Mkono wa kulia, dole gumba linapanda juu ya ukurasa.
Hiyo ni protoni, mwana mtiifu.
Na elektroni je, mwenye alama ya kutoa
kama deni la dukani?
Naweka kalamu. Nainua ule uliokatazwa,
vidole mashariki, navikunja kuelekea karatasini,
na dole gumba linashuka chini.
Lipo. Hakuna cha kugeuza.

Sehemu ya pili: kani hiyo imefanya kazi kiasi gani?

Inasukuma ubavuni tu, kila hatua.
Haiongezi mwendo, haipunguzi,
inapinda njia hadi iwe duara.
Miaka saba ya mwiko, shangazi.
Naandika: sifuri.

Risasi ya kalamu imenipaka kiganja kizima.
Bibi Kowalchuk anapita akikusanya, mkono umenyooshwa.
Karatasi iko shoto.
Naihamishia kulia, ndipo nampa.
Adabu ni adabu.