Opereta

Mama yangu, Nyamizi binti Mlekwa, aliwahi kuushika mkoa mzima
kwa nyaya kumi na nane na vidole visivyokosea tundu.
Posta ya Tabora, chumba cha nyuma, kiti kirefu kisicho na mgongo:
Nzega akimtaka Urambo, Kaliua akimlilia Sikonge,
wote walipita kifuani kwake.
"Subiri, nakuunganisha."
Na waliunganishwa. Msiba ulifika, bei ya tumbaku ilifika,
posa moja ya Igunga ilifika, ikakataliwa palepale,
naye aliyeyasikia yote akarudi nyumbani Cheyo
akapika nsansa, hakusema neno.

Sasa mkono wa kulia unahesabu noti zisizokuwepo,
kidole gumba juu ya shahada, mchana kutwa.
Hilo tulilizoea. Hata aliyesema karogwa
alishachoka kusema.
Lililotushinda lilikuja kimya, bila kutetemeka:
maji yanachemka, unga uko mkononi,
naye kasimama katikati ya kazi mbili
kama mtu aliyeulizwa jina lake kwa lugha ngeni.

Kitete, daktari Bulugu alimpa karatasi.
"Chora saa, mama. Iwe saa tano na dakika kumi."
Akachora duara, zuri, la mwalimu,
kisha namba zote akazirundika upande mmoja,
ndogo, zikizidi kuwa ndogo,
sisimizi wanaoingia ufa wa ukuta.
"Taja miezi, ukirudi nyuma."
Desemba. Novemba. Oktoba.
Kimya.
"Nzega," akasema. "Bukene. Isaka."

Nilicheka. Daktari hakucheka.
Mama akanigeuzia ule uso usiokunjuka siku hizi,
nikajua ameniona.

Daktari alinieleza kwa vidole vyake,
akivifumbata na kuviachanisha:
ubongo si ghala, ni mazungumzo;
upande huu huuita ule, ule huitikia,
na kwa mama sauti zinafika zimechelewa,
au zinafika kwa mwingine, au hazifiki.
Hakutaja nyaya. Mimi ndiye niliyezisikia
zikichomoka, moja moja, kwenye ubao.

Ndugu zangu wa Dar hupiga Jumapili.
"Hatukumbuki," wanasema,
neno lenye milango miwili:
ni yeye asiyetukumbuka, au ni sisi?
Sikilizeni. Juzi nilimuuliza, ugali au matobolwa,
nikahesabu kimoyomoyo. Nilifika kumi na nne.
"Matobolwa. Ila yasiwe magumu kama ya shangazi yako."
Kumi na nne tu! Jibu lilikuwa njiani.
(Siku nyingine nahesabu hadi mia
na chai inapoa. Hilo nalo niliseme.)

Saa nane usiku, kidonge kimeishiwa nguvu,
miguu yake imegandamana na godoro,
sauti ndiyo inayotembea:
"Halo, Kigoma. Kigoma, unanipata?"

Zamani ningewasha taa. Ningesema, mama, lala,
ubao ule uliuzwa chuma chakavu,
Kigoma ana simu yake mfukoni.
Jana nilijibu kupitia ukuta:
"Nakupata, Tabora."
"Kuna mtu anakutafuta. Subiri, nakuunganisha."

Nikasubiri. Mbwa wakabweka upande wa Ng'ambo,
behewa za mizigo zikagongana stesheni.
Nani alikuwa ananitafuta, hakusema,
na mimi, kwa mara ya kwanza, sikuhesabu.

Kisha sauti ya kazini, kavu, safi,
isiyo na hata chembe ya mtetemeko:
"Dakika tatu zimekwisha. Unaongeza?"

Naongeza, nikasema.
Mama, naongeza.