Ukurasa wa Arobaini na Moja

Bibi yangu Shinuna aliliamini jani lile.
Chungu, la kijivu, lachumwa miambani Jebel Akhdar;
jina lake la Kilatini lina herufi ishirini na tatu
na bibi hakuhitaji hata moja.
Ukufi mmoja kwa sukari, ukufi na nusu siku ya karamu,
"maana leo," husema, "nimekula halua."

Mimi nikauliza: ukufi wa nani?
Hapo ndipo yalipoanzia.

Maabara ya Nizwa, chumba cha tatu, kiyoyozi chakoroma.
Nje nyuzi arobaini na sita, ndani ishirini na mbili,
kwani joto likizidi hata damu ya panya husema uongo.
Nikawagawa: hawa jani, hawa kidonge, hawa maji matupu,
nami nisijue yupi kapewa nini.
Daftari la siri alilishika Thuwaiba, akalifungia kabatini,
maana jicho lipendalo huona likitakacho,
na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani bibi ashinde.

Wiki kumi na mbili. Tone, nambari. Tone, nambari.
Siku ya kufungua kabati
Thuwaiba alisoma safu ya kwanza, akanyamaza,
akaenda kuchemsha kahawa.

Jani na maji: hakuna tofauti.
Ila kwenye ini, pale dozi ilipopanda,
kivuli. Kidogo, lakini kipo.

Profesa akasema, "Nani atachapa habari za kitu kisichofanya kitu?"
Droo ilikuwa wazi. Karatasi zangu zingeenea humo
juu ya karatasi za waliotangulia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Mficha matokeo haumbuki yeye;
anaumbuka mgonjwa asiyemjua.

Nikapeleka jaridani. Miezi saba.
Mhakiki wa kwanza alisifu kwa mistari miwili.
Wa pili, asiye na jina, hakunihurumia:
Kwa nini madume matupu? Mizani ilisahihishwa lini?
Jani, uliliosha?
Usiku nilimtukana. Asubuhi nikaliosha jani,
nikaanza upya, na majike.
Leo namwombea dua, popote alipo.

Likatoka. Ukurasa wa arobaini na moja.
Wasomaji kumi na tisa, mimi nikiwa mara nne kati yao.
Mmoja ni mfamasia wa Ibri, aliniandikia:
"Kaja mzee, macho yake manjano.
Zamani ningemuuliza anameza vidonge gani.
Jana nikamuuliza pia: na majani, je?"

Ijumaa nilimsomea bibi, nikigeuza kila sentensi
iwe Kiswahili chake cha Unguja.
Alisikiliza hadi mwisho, hata jedwali.

"Kwa hiyo panya wako hawakupona."
"Hawakupona, bibi."
"Basi kidonge nitameza. Lakini jani usilitupe,
litie sandukuni kwenye shuka, linafukuza nondo."

Nikasema, "Hilo sijalipima."