Mwiba wa Mei

Hakuwa na homa.
Hilo nililitanguliza kama ushahidi wa mahakamani
nilipompigia simu kaka yangu Plamen kule Burgas:
kipimajoto kinasema thelathini na sita na nukta moja,
nimekikung'uta, nimempima tena, kimeshikilia neno lake.
Basi ni uzee, akasema.
Nami nikasema ndiyo.
Tukakata simu, wote wawili tumeridhika.

Lakini asubuhi ile Mama Ginka alimwita mbuzi Dobri,
jina la baba, aliye udongoni mwaka wa kumi na moja sasa,
akamkaripia kwa kuchelewa kutoka kiwandani.
Kisha akauweka mkate kwenye kabati la viatu,
taratibu, kama anayelaza mtoto.

Miaka themanini na mitatu. Mwezi wa Mei, bonde la Kazanlak,
mawaridi huchumwa kabla jua halijanywa umande.
Alikatazwa. Alikwenda.
Aproni yenye mfuko mpana tumboni, mikono mitupu,
maana glavu, alisema, humfanya mtu mgeni kwa ua.
Mwiba ukamwingia kando ya ukucha wa kidole cha shahada.
Akaufyonza, akautema, akaendelea kuchuma.
Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole,
nasi hatukumwambia.

Kidole kiliwiva siku mbili, kikanywea.
Tukadhani kimepona. Kumbe
kilichokuwa kidoleni kilikuwa kimehama.

Damu haina bawabu.
Hubeba sukari, hubeba chumvi, hubeba na asiyealikwa
hadi kwenye figo, hadi kwenye vali za moyo,
hadi chumba kile cha ndani yanakotunzwa majina.
Mwili wa kijana, mwizi akiingia, hupiga yowe:
huwaka, hutetemeka, hugonga masufuria majirani waamke.
Mwili wa mzee umeibiwa mara nyingi.
Huketi tu kitandani, gizani,
ukasikiliza.

Nesi Rumyana hakukigusa kipimajoto.
Alifunua shuka akatazama magoti:
madoa ya zambarau, kama ramani ya nchi isiyo na miji.
Akahesabu pumzi, ishirini na nane kwa dakika.
Tangu lini anaongea na wasiokuwepo?
Tangu juzi.
Hakuuliza juzi nilifanya nini.
Angeuliza, ningemjibu: nilihamisha mkate.

Wakajaza damu yake chupa mbili,
moja ina hewa, nyingine haina,
kwani vimo vijidudu vipumuavyo kama sisi
na vimo vinavyostawi palipokosa pumzi.
Dripu ikaanza bila kungoja jibu.
Maabara ikapiga simu saa tisa usiku.
Daktari Velizarov, kijana mwenye kola iliyokunjamana,
akanichorea nyuma ya fomu walivyoonekana chini ya hadubini:
duara, duara, duara, kichala cha zabibu.
Nikamwambia tunayo mizabibu uani.
Akaona haya, sijui kwa nini,
akaikunja ile fomu akaitia mfukoni.

Siku tisa mama alichuma.
Macho yamefumba nusu, vidole vyatembea juu ya shuka,
vyakamata, vyazungusha, vyakata,
vyatumbukiza kwenye mfuko usiokuwepo tumboni.
Mpira wa dripu ukitikisika kila mara.
Walitaka kumfunga mikono; nikasema mwacheni,
msimu ni mfupi.
Nikaketi upande wa pili wa kitanda
na usiku mmoja, nesi alipotoka,
nikachuma naye.

Siku ya kumi akafungua macho mawili,
akanitazama mpaka nikaogopa.
"Tsvetana," akasema. "Nimechuma kilo ngapi?"
Nikamwambia kumi na nane.
Akapapasa kitambaa kile cha serikali, cheupe, kilichopauka,
akageuza kiganja kukitazama kidole.
"Mwongo," akasema.
"Hapa hakuna hata mwiba."