Kwa Penseli

Sista Nakunda anaandika bila kuinua kichwa.
"Sasa mpango wenu wa kujifungua.
Na msiniambie Mungu anajua. Anajua,
ila hatawapigia simu ya bajaji saa nane ya usiku."

Mhina anacheka. Mimi nashika kiuno.
Nje, kliniki ya Makorora, kadi zimepanga foleni kwenye benchi,
wenyewe wamekaa kivulini.

Usafiri? Mhina anasema baiskeli:
fundi baiskeli wa Barabara ya Nane hana jibu jingine.
Sista anamtazama mpaka anajirekebisha.
Bajaji ya Salimini, jirani, keshalipwa nusu.
Namba yake tumeichora ukutani kwa mkaa,
na pembeni kibiriti kinaning'inia kwa uzi.

Glovu jozi nne. Pamba. Nyembe mbili ndani ya karatasi zake.
Kibana kitovu. Mpira wa kutandika, mita mbili,
ambao Mhina aliubonyezabonyeza dukani
kama anayetafuta pancha.
Beseni. Chupa ya chai. Kanga sita,
moja ya marehemu mama, laini kama ndewe la sikio,
maandishi yamechujuka, limebaki neno la mwisho tu:
HAKOSI.
Nani hakosi, hakosi nini, aliondoka nalo.

Mtoto mkubwa atabaki na nani?
Na Bi Mwanakheri, chumba cha pili.
Mwantumu ana miaka mitano, naye ameshatoa sharti:
akiwa wa kiume, arudishwe.

"Mtu wa kutoa damu?"

Hapo kalamu ikasimama.
"Wewe ni O hasi, mama. Damu hii haiokotwi njiani.
Bwana wako ni B. Kwenu yupo nani?"

Kwetu.
Kwetu ni mimi na Mndolwa,
na mimi na Mndolwa hatujasalimiana tangu mwaka juzi,
tangu nyumba ya baba iuzwe kule Pongwe,
akahesabu fedha, akanisukumia fungu la mwisho,
akasema mwanamke kwao ni kwa mume.
Nilimjibu neno. Sitaliandika hapa.
Sokoni Mgandini akisimama kwenye nazi
mimi nahamia kwenye dagaa.

Alirudi kutoka jeshini, kambi ya Mgambo, na kadi ya kuchangia damu,
akajitapa wiki nzima
kwamba damu yake haina ndugu.
"Inaye mmoja," mama akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Nikamwomba sista penseli.

Usiku Mhina amelala, vidole vinanuka grisi.
Napiga. Inaita. Inaita tena.
"Nani?"
Namba yangu alishaifuta.
"Mimi."
Kimya, kisha kikohozi cha baba, kutoka kifuani mwake.

Sikutaja nyumba. Nilimsomea kadi
mstari kwa mstari, kama nilivyomsomea baba barua:
usafiri, glovu, pamba, nyembe,
mpaka kwenye damu, sauti ikagoma.

"Umeandika jina langu?"
"Kwa penseli."
Jogoo wa mtu fulani, asiyejua saa, akawika.
"Mwezi wa ngapi?"
"Wa tisa. Ni makisio."
"Basi tembo naacha leo. Mchicha naanza kesho, ingawa unanichosha.
Pitishia wino."

Hakuniomba radhi. Nami sikumwomba.
Nyumba ya Pongwe imeshapakwa rangi ya watu wengine.

Asubuhi nikasaka kalamu nyumba nzima,
nikapata ya Mwantumu, ya kijani, kofia imetafunwa.
Mndolwa, kwa kijani,
na kwenye herufi ya tatu mstari umeruka
kwa sababu aliyemo ndani alipiga teke.

Mkoba uko nyuma ya mlango.
Mhina ameupima kwa mkono, anasema bado mwepesi,
kuna kitu tumesahau.
Tumeutoa wote kitandani, tumehesabu,
tumeurudisha.
Bado mwepesi.