Ya Sitini na Tano

Duka liko chini ya kilima, kabla tramu haijakata kona.
Sheffield, Jumamosi, na ile mvua isiyonyesha wala isiyoacha.
Mimi ni mweka hazina wa kwaya. Bahasha imo ndani ya koti:
pauni mia sita na arobaini, nyingi ni za sambusa,
na noti moja ya ishirini aliyoitoa Mzee Ruhigita
akasema isiulizwe.

Byamungu ananyoosha vidole. Ametoka zamu ya usiku,
viganja vimechanika kwa kufunga maboksi,
lakini akiketi mbele ya kinanda mgongo hunyooka
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili.

Cha kwanza: mia tatu tisini na tisa.
Plastiki tupu, nakiinua kwa mkono mmoja.
Vitufe vinazama upesi, kama mguu unaotafuta
kidato cha mwisho cha ngazi, kumbe ngazi zimekwisha.
Kina ngoma, kina tarumbeta, kina filimbi
inayolia kama birika.
"Sauti sitini na nne kwa mpigo," anasema Callum wa dukani.
Nauliza: na ya sitini na tano?
"Ikiingia, ile kongwe inakatwa. Hutasikia."

Cha pili: elfu moja mia moja na hamsini.
Hapa nyuzi zinavuta pumzi kabla ya kulia.
Byamungu anafumba macho. Mimi nafanya hesabu:
tumepungukiwa mia tano na kumi,
kwa peni hamsini moja, ni sambusa elfu na ishirini.
Vitunguu peke yake vitaniliza hadi Pasaka.

Cha tatu kina jukwaa lake na taa yake.
Vitufe vya mbao, vizito, vinakujibu.
Piano waliirekodi katika ukumbi mtupu
na ukumbi wenyewe unausikia, hadi viti.
Nilibonyeza kimoja, mimi nisiyejua kupiga,
kikaendelea kulia
hata nikamaliza kuisoma bei mara mbili.
Kodi ya nyumba yangu, miezi mitano.
Nikaondoa kidole taratibu, kama niliyemgusa mtoto wa watu.

Ndipo Callum akaenda stoo, akarudi anahema.
Kikuukuu. Enzi zake kilikuwa cha jukwaani nacho;
mwenyewe alikipigia harusi za Rotherham mpaka mgongo ukamkataa.
Visu viwili vya sauti vimeng'oka. Fa moja imekufa,
ile ya chini kidogo ya katikati.
Mia tano na themanini.
Byamungu akakizungusha huku na huku. Kuna swichi
ya kupandisha wimbo mzima nusu hatua;
ukipandisha, pengo nalo linahama.
Halizibiki. Linabadilisha jirani tu.

Nikasimama pale na bahasha yangu.
Tulikuwa kumi na tisa. Nabintu akahamia Doncaster,
Kasongo zamu zikamla Jumapili zote,
Mama Feza tulimzika Februari, ardhi ngumu kama sufuria.
Tumebaki kumi na mmoja.
Hutasikia, alisema yule kijana.
Mimi husikia. Kila tukifika beti la pili, husikia.

Nikahesabu noti mezani, ile ya ishirini nikaiweka mwisho.
"Risiti," nikasema, "na uandike kwamba fa haifanyi kazi."

Sitini iliyobaki ni ya stendi na waya, kwa hiyo teksi hakuna.
Kilo ishirini na tatu, na kilima cha Sheffield
hakina huruma na mtu anayeimba sauti ya pili.
Byamungu mbele, mimi nyuma, tukipumzika kila nguzo ya taa.
Kwenye nguzo ya tatu akauliza, maji yanamtiririka puani:
"Na hiyo fa, tumpe nani aiimbe?"
Nikafikiri kidogo.
"Mpe Tulizo," nikasema.
"Michango hajalipa tangu Septemba."