Mishale Sita Upande wa Kushoto

Saa kumi na moja na robo nafunga cherehani,
nakung'uta nyuzi za sare za shule mapajani,
nashuka na podo mgongoni, njia ya mto Mpanga,
hadi uwanja wa chuo, nyuma ya jiko,
pale gunia la maganda ya mgomba linaponingoja
limejaa matundu ambayo sikuyakusudia.

Miezi mitatu mishale yangu inakwenda kushoto.
Nimelaumu upepo ushukao Rwenzori.
Nimelaumu upote, nikaununulia nta;
nimelaumu manyoya, jua, hata viatu.
Kigasha kimevilia damu, rangi ya zambarau mbivu,
na wateja huniuliza, kwa sauti ya chini,
kama mume wangu amerudi.

Abwooli hasemi mengi. Ni mkunga wa zamu ya usiku;
huja na chupa ya chai na macho mekundu,
husimama nyuma yangu, si mbele,
akanitazama mgongo kana kwamba ndio uso.
"Vuta, Akiiki." Navuta. "Ngoja." Nangoja.
"Huo upinde umeushika, au umeukaba?"

Nimeukaba.
Kama mkono wa mtoto siku ya soko.

Wiki nzima akaninyima shabaha.
Hatua tatu kutoka kwenye gunia, macho nimefumba.
Nyayo. Nyonga. Pumzi nusu itoke, nusu ibaki.
Upote uguse pua, uguse kidevu,
kidole cha shahada kiujue mfupa wake chini ya taya
kama ufunguo ujuavyo kitasa cha nyumbani gizani.
Kombe la bega limsogelee mwenzake, taratibu,
na hapo, alisema, usiuachie mshale:
uache uondoke.

Sikuelewa. Cherehani ndiyo iliyonifasiria:
fundi mgeni huvuta kitambaa, mshono ukapinda;
aliyezoea huongoza tu,
meno ya mashine yakala yenyewe.

Jumamosi akanirudishia shabaha, mita thelathini.
Mshale wa kwanza: duara la njano, katikati kabisa!
Nikaruka. Nikapiga vigelegele,
wapishi wa chuo wakatoka na miko mkononi.
Abwooli akaenda, akaung'oa, akaja nao polepole.
"Huu ni wa bahati, si wako. Piga sita."

Nikapiga sita.
Yote sita kushoto, juu kidogo,
imebanana hata miwili ikanyofoana manyoya;
kisahani cha kikombe kingeifunika yote.
Nikainamisha kichwa. Yeye akacheka,
na sikuwahi kumsikia akicheka,
akaweka kiganja juu ya mishale ile
kama juu ya tumbo la mzazi, akisikiliza.
"Sasa una kosa moja," akasema.
"Ulikuwa nayo mia."

Giza likaingia kutoka upande wa mashamba ya chai.
Niliutafuta ule mshale uliopotelea majanini
tangu wiki ya Pasaka. Sikuuona.
Kilengeo, akasema akifunga chupa yake,
tutakigusa kesho. Si sana.
Upana wa uzi.

Upana wa uzi naujua.